Mapipa ya Bartolo na Chungu cha Nyanya
Mhadhara kwa wanafunzi wa upishi na huduma za hoteli, Kisumu

Walimu wenzangu, vijana wangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya vinywaji vya asili. Tuko Kisumu, na wengi wenu nyumbani ni Vihiga, Kakamega na Bungoma, kwa hiyo najua mnasubiri nitaje busaa, pombe yetu ya mahindi na wimbi. Nitaitaja. Ila naomba nianzie mbali, kwa mzee mmoja aliyefariki Machi 2005 kaskazini-magharibi mwa Italia, kwa sababu nilipojifunza habari zake ndipo nilipomwelewa nyanya yangu mzaa mama.

Mzee huyo aliitwa Bartolo Mascarello. Alitengeneza mvinyo katika kijiji cha Barolo, kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte. Mvinyo wa huko nao huitwa Barolo, na hutokana na zabibu za aina moja tu, nebbiolo. Mvinyo wa nebbiolo ukiwa mchanga una ukakasi. Unakausha ulimi kama uliyeng'ata ndizi mbichi. Ndiyo maana sheria ya huko inataka ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ukiwa ndani ya pipa la mti. Na kwa watengenezaji wa jadi hata hiyo haitoshi. Mnunuzi anaiweka chupa miaka kumi, wakati mwingine ishirini, akingoja ukakasi ule ulainike.

Katika miaka ya 1980 vijana wa vilima vile walichoka kungoja. Siwalaumu. Langhe ilikuwa imeonja umaskini mkali, watu wakihama mashamba kwenda kutafuta kazi za viwandani Turin, na wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanataka mvinyo laini wa kunyweka mapema. Kwa hiyo wakapunguza muda wa kuloweka maganda ya zabibu, kutoka wiki kadhaa hadi siku chache. Wakanunua mapipa madogo mapya ya mwaloni wa Ufaransa, ya lita 225, yaitwayo barrique. Pipa dogo likiwa jipya huutia mvinyo ladha ya mti na harufu kama ya vanila. Pipa kubwa kuukuu, lile la maelfu ya lita, halitii ladha yake; linauacha mvinyo upumue polepole basi. Kijana mmoja alichukua msumeno wa injini akayakata mapipa makubwa ya babake vipande vipande. Babake akamnyima urithi.

Bartolo aliyaona yote hayo akiwa pale pale kijijini, na akakataa. Tusidhani alikataa kwa ushamba. Alikuwa mtu wa vitabu na siasa, na katika ujana wake alipigana na mafashisti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mbinu mpya alizijua. Alizipima, akaona zinamwondolea kile kitu chenyewe alichokuwa akikilinda.

Kuna jambo lake moja ambalo watu hawalitilii maanani sana, na mimi ndilo lililonigusa kuliko habari za mapipa. Alikuwa na vipande vya shamba sehemu nne: Cannubi, San Lorenzo na Rué pale Barolo, na Rocche kule La Morra. Cannubi ni kilima mashuhuri. Jina hilo peke yake likiandikwa kwenye lebo linapandisha bei, na majirani wengi walianza kufanya hivyo, kila shamba na chupa yake. Bartolo aliendelea kuchanganya yote manne kuwa mvinyo mmoja, kama babake Giulio alivyomfundisha. Shamba moja lina nguvu, lingine lina harufu. Mwaka wa jua kali huku kunaungua, kule kunapona. Likipungukiwa hili, lile linajaza. Aliona kwamba mvinyo wa Barolo ni maelewano ya mashamba, akaiacha ile pesa ya jina la kilima.

Mwishoni mwa maisha yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuweza tena kupanda vilimani, kwa hiyo akawa anakaa mezani akichora lebo za chupa kwa mkono wake. Moja ikajulikana kote Italia, tafsiri yake ni “Hakuna barrique, hakuna Berlusconi,” yaani Silvio Berlusconi, tajiri wa televisheni aliyekuwa waziri mkuu wa Italia. Kwake mapipa na siasa vilikuwa ugomvi mmoja, dhidi ya kitu king'aacho kinachotaka kila mahali pafanane.

Sasa nirudi nyumbani.

Nyanya yangu alipika busaa katika kijiji kimoja cha Bungoma. Alikanda unga wa mahindi na maji, akaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke, kisha akaukaanga kwenye bati pana juu ya moto wa kuni. Kando, wimbi ilikuwa imelowekwa, ikatandazwa kwenye gunia hadi ikaota, ikaanikwa, ikasagwa kuwa kimea. Kimea ndicho chenye vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Bila hicho una uji tu. Wimbi yake hakuwahi kuitoa shamba moja. Alichanganya yake na ya majirani wawili, na utotoni nilidhani ni ujirani mwema. Niliposoma habari za Bartolo nikakaa kimya muda mrefu. Nyanya alikuwa anafanya hesabu ile ile.

Na lile bati! Alikaa kwenye kigoda ameupa moto mgongo, anageuza unga kwa mwiko bila kuutazama. Alikuwa anasikiliza. Unga mbichi ukikaangwa unanong'ona kama mvua ya mbali, na ukikaribia kuiva unaanza kukwaruza kama mchanga. Kati ya sauti hizo mbili kuna dakika chache, na ndani yake ndimo ilimokuwa busaa ya nyanya.

Kazi hiyo aliifanya kwa hofu. Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa 1980 na haikufutwa hadi 2010, na katika miaka ile watu wengi hawakutofautisha chang'aa, inayotoneshwa kwa mvuke, na busaa, ambayo huchachushwa tu. Mpishi yeyote alionekana mhalifu. Kwa hiyo sisi wajukuu tulifukuzwa jikoni tukasome. Alitaka tuwe watu wa heshima. Alipofariki, katika wajukuu wote hakuna hata mmoja aliyejua kuisikia ile sauti. Mimi nimejaribu mara nne. Mara zote nne unga umetoka mchungu.

Bartolo alimwachia bintiye, Maria Teresa, ambaye alikuwa amefanya kazi kando yake kwa miaka. Hata baada ya mazishi mambo yaliendelea vile vile: mapipa makubwa, mashamba manne, mvinyo mmoja. Watu husema jadi ya Bartolo ilinusurika kwa sababu alikuwa mbishi. Mimi nasema ilinusurika kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama karibu naye akiwa bado hai.

Kwenye meza ya mbele kuna mabakuli mawili. La kushoto ni kimea cha wimbi, la kulia ni unga uliokaangwa, vyote vimetoka kwa mama mmoja aliyeniuzia jana. Njooni kwa mstari. Chukueni kidogo kwa vidole, mnuse kwanza, halafu mtafune taratibu mpaka utamu ujitokeze. Na yeyote ambaye nyanya yake bado anapika, tafadhali asiondoke. Nataka aniambie nyanya yake husikiliza nini.