Uzi wa herufi 22 na walinzi wa ini

Ndugu zangu, nitazungumzia saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe, na walinzi tunaozaliwa nao: seli ziitwazo wauaji wa asili. Katika damu, ni kama moja kwa kila limfosaiti kumi, yaani seli nyeupe za kinga. Ndani ya ini hufika theluthi, hata zaidi. Wamejaa pale, na bado uvimbe unaota mbele yao. Kwa nini?

Seli inayogeuka saratani huchomoza juu ya utando wake protini iitwayo MICA. Mlinzi ana kipokezi, NKG2D, cha kuishika. Vikishikana, mlinzi huitoboa seli ile kwa protini iitwayo peforini, huingiza granzaimu, vimeng'enya vya kuua, na seli hufa.

Hapo ndipo inapoingia mikroRNA, uzi mfupi wa herufi za kijeni 22 hivi. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliuelezea mwaka 1993, wakichunguza mnyoo mdogo, na mwaka 2024 wakapewa Nobeli. Uzi huu hautengenezi protini. Hujibandika kwenye nakala ya jeni, protini isitengenezwe. Seli za saratani ya ini huzidisha mikroRNA mbili, miR-93 na miR-106b, nazo huizima MICA. Mlinzi anapapasa, hapati pa kushika.

Basi tutibu kwa mikroRNA? Subirini. Misri iliumizwa sana na homa ya ini C, iliyosambazwa miaka mingi na sindano zisizo safi wakati wa kampeni za kutibu kichocho. Homa hiyo ikidumu huweza kuleta saratani ya ini; ndiyo maana Cairo wanaijua saratani hii. Watafiti wa huko waliichunguza mikroRNA nyingine, miR-615-5p. Ndani ya seli ya saratani ilipunguza ukuaji, habari njema kabisa. Ndani ya mlinzi, uzi uleule ulipunguza NKG2D na peforini: askari kanyang'anywa silaha. Na pande zote mbili ulikizima kipokezi kilekile, IGF-1R, kinachopokea ishara za ukuaji.

Kwa hiyo mimi nauliza kwanza dawa itaingia seli ipi. Wagonjwa wamekwisha kulilipia swali hilo. Mwaka 2013, Marekani, ilianza kujaribiwa MRX34, nakala ya mikroRNA iitwayo miR-34a iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, kwa watu wenye saratani ya ini na nyinginezo. Kuna uvimbe uliosinyaa. Lakini mwaka 2016 jaribio lilisimamishwa, kwa sababu kinga za baadhi ya wagonjwa ziliwageukia wenyewe, na baadhi yao wakafariki.