Mama Makinda: Miaka 40 Bungeni, Kisha Akaaga

ZUHURA: Kaka Baraka, leo umeniahidi huji na ugomvi. Unakuja kumsifu mtu.

BARAKA: Tena mwanasiasa, dada! Namsifu Anne Makinda kwa alivyoondoka. Mwaka 2015 alikuwa Spika, jimbo la Njombe Kusini analo, akasema imetosha, sigombei tena. Hakungoja kuangushwa kwenye kura za maoni.

ZUHURA: Aling'atuka.

BARAKA: Neno la Mwalimu Nyerere hilo, na linamkaa. Aliingia bungeni 1975, ana miaka 26. Enzi hizo Bunge linakaa Karimjee, Dar es Salaam, chama kimoja, na miaka yake ya mwanzo kiti cha Spika amekalia Chifu Adam Sapi Mkwawa. Anatoka Bunge liko Dodoma, vyama vinavutana mpaka usiku. Marais wanne wamepita mbele yake.

ZUHURA: Katikati hapo uwaziri, ukuu wa mkoa kule Ruvuma, na miaka mitano ya Naibu Spika chini ya Samuel Sitta, yule wa "kasi na viwango". Halafu Novemba 2010 CCM ikaleta majina matatu ya kugombea uspika, yote ya wanawake. Nakumbuka mama yangu alizima jiko aje asikilize.

BARAKA: Akamshinda Mabere Marando wa CHADEMA, akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Sasa sema lako, naona unajikuna.

ZUHURA: Nasema. Kwa wapinzani alikuwa mkali kupita kiasi. Mtu anasimama kuomba mwongozo wa Spika, yaani ufafanuzi wa kanuni, hajamaliza sentensi, "kaa chini!" Na ule mwezi wa mwisho, Julai 2015, miswada ya mafuta na gesi ililetwa kwa hati ya dharura, wapinzani wakatolewa nje, ikapita. Mambo mazito vile hayakustahili haraka ile.

BARAKA: Hapo sikupingi. Ila mwongozo nao ulikuwa umegeuzwa mchezo, mtu anauomba ili achangie mara ya pili. Aliyekaa kwenye viti vile miaka 35 kabla ya kuwa Spika anazijua hila zote, huwezi kumchezea. Na usisahau Novemba 2014.

ZUHURA: Tegeta Escrow! Kinyozi wangu alisimamisha mashine, nusu ya kichwa cha mteja bado.

BARAKA: Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti Zitto Kabwe, mpinzani, inasoma taarifa ya zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow pale Benki Kuu, na nchi nzima inaangalia mubashara. Spika wa chama tawala angeweza kutafuta kanuni ya kuizima. Ikasomwa, ikajadiliwa, maazimio yakapitishwa. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Tibaijuka akaondolewa uwaziri, Januari akafuata Profesa Muhongo.

ZUHURA: Shinikizo lilikuwa kubwa, asingeweza kuizima.

BARAKA: Labda. Lakini ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Lawama za kiti tunampa, basi na hili tumpe.

ZUHURA: Haya, nimekubali nusu. Mimi kinachonifurahisha ni baada ya hapo. Wengine wakistaafu unawaona misibani tu, wamekaa viti vya mbele. Yeye 2021 Rais Samia akamteua Kamisaa wa Sensa, akazunguka mikoani kuwaambia watu wajiandae kuhesabiwa.

BARAKA: Na karani alinikuta nyumbani bado niko na msuli, nimeshika mswaki.

ZUHURA: Kwa hiyo kwenye wale 61,741,120 na wewe umo, na mswaki wako.

BARAKA: Nimo! Soma ujumbe wa wasikilizaji, dada, kabla hujaniuliza nilijibu nini kwenye swali la choo.