Kaskazi Tuliipitishia Thelujini

SUDI: Asalaam aleikum, karibuni tena barazani, hapa Mombasa. Leo hatuna mgeni. Mgeni wetu alisema amefika Buxton, na saa nzima baadaye bado yuko Buxton, kwa hivyo tumeamua kujihoji wenyewe.

FATMA: Na ni deni pia. Tangu turudi mwezi wa nne, Kisauni nzima inatuuliza theluji ikoje. Hata mama wa viazi karai, kabla hajanitilia ukwaju, ashaniuliza: "Ni kweli mlikuwa mkikaa ndani ya friji?"

SUDI: Kwa asiyejua, mimi na mke wangu tulifunga ndoa Agosti 2024, na Desemba tukawa Ufaransa, milimani, upande wa Savoie. Watu walidhani tumeenda fungate.

FATMA: Fungate ya kusugua sufuria! Wewe kwenye masinki, mimi nafanya vyumba. Kazi zile zile tulizoziacha Diani.

SUDI: Hapo ndipo nilitaka tuanzie. Sisi wa hoteli za pwani tunajua Desemba ni nini. Kaskazi inavuma, mvua imekatika, wazungu wanamiminika kuikimbia baridi yao. Krismasi mpaka Pasaka, likizo huombi. Sasa huko kwao, miezi ile ile, kuna wazungu wengine wanaifuata hiyo baridi. Wanailipia!

FATMA: Na wote wanataka shuka safi.

SUDI: Mfanyakazi kama sisi kule huitwa "saisonnier", mtu wa msimu. Na hili neno letu msimu limetoka kwa Waarabu, mausim, na wazungu nao jina lao la pepo hizi za kaskazi na kusi, monsoon, wamelitoa hapo hapo...

FATMA: Haya, mwalimu.

SUDI: Niache nimalize. Majahazi yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale na kaskazi, mabaharia wanakaa hapa miezi, wanafanya biashara, kusi ikianza wanarudi kwao. Watu wa msimu hao. Sisi tulitoka wakati majahazi yanapoingia, basi.

FATMA: Tulitoka, lakini mara ya pili. Mara ya kwanza tuliliwa. Sema, usione haya.

SUDI: Sema wewe.

FATMA: Kulikuwa na wakala hapa mjini, ofisi ghorofani, kiyoyozi, na picha ya mnara wa Eiffel ukutani. Anataka laki mbili na nusu kwa watu wawili, visa wiki tatu. Tukatanguliza elfu thelathini. Wiki ya pili tukapanda ngazi tukakuta mlango umepakwa rangi mpya, ndani mnauzwa vifuniko vya simu.

SUDI: Ndiyo maana nikiulizwa njia, najibu kwa urefu kidogo. Mwajiri wa Ufaransa ndiye anayetangulia. Yeye ndiye anaiomba serikali yake kibali cha kukuajiri wewe, kwa jina lako. Kibali kikitoka ndipo unaomba visa. Mtu akikwambia visa kwanza, kazi utaipata huko huko, shuka ngazi. Na kama ni wakala, mamlaka ya ajira ya taifa, NEA, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Itazame kabla hujafungua mkoba.

FATMA: Sisi tulimpata mwajiri kwa bahati. Meneja wa hoteli ya kule alikuja Diani kupumzika, mwezi wa sita, wakati msimu wao umefungwa. Akaona navyokunja taulo.

SUDI: Wallahi taulo ndiyo ilitupeleka Ulaya.

FATMA: Alitwambia zamani vijana wa Uingereza walikuwa wakijaa kule kila mwaka. Walipojitoa Umoja wa Ulaya, basi tangu Januari 2021 nao wanatakiwa kuwa na kibali kama sisi. Ndiyo nafasi zikabaki.

SUDI: Haya, tufike. Ndege mpaka Geneva, kisha basi. Zile kona, jama! Basi linapanda, linageuka, linapanda, mke wangu amekamata mfuko wa plastiki kama mtu anayesoma hati muhimu.

FATMA: Usinikumbushe. Kituo chetu kilikuwa karibu mita 2,000 juu ya bahari. Sisi tuliozaliwa hapa, kupanda kwetu ni ngazi za nyumba. Siku tatu nikipanda ghorofa moja na ndoo, nasimama. Na asubuhi ya nne, saa kumi na mbili, giza bado, nikasikia bomu. Buu! Halafu jingine. Nikaruka kitandani.

SUDI: Ukaniangukia mimi.

FATMA: Kwa sababu walitupa kitanda cha dabodeka! Bibi na bwana harusi, chumba cha mita za mraba 12, mmoja juu, mmoja chini. Nami nalala juu.

SUDI: Yale mabomu wanayapiga wenyewe. Theluji ikianguka nyingi usiku, wanalipua baruti kule juu ili iporomoke mapema, kabla watu hawajatoka kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni. Baadaye tulizoea, tukawa tunajua: leo yamelia manne, theluji ni nyingi, viatu vya wageni vitachafua zulia.

FATMA: Kilichonishangaza mimi hakikuwa theluji. Ni mafuta ya nazi. Nilibeba chupa ya mama, ile ya kukamua nyumbani. Siku ya kwanza nataka kujipaka, nageuza chupa, hakitoki kitu. Yameganda, meupe, kama mshumaa. Nyumbani mafuta ni maji siku zote. Kumbe yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda. Basi kila asubuhi nayaweka kwenye hita pamoja na soksi zako.

SUDI: Mafuta ya nazi yenye harufu ya soksi.

FATMA: Na maharagwe. Maji kule juu yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, hayafiki 100. Unayaona yanatokota, unadhani mambo tayari, kumbe maharagwe yanaoga tu. Siku ya kwanza nilikaa saa nne nzima jikoni. Mpishi akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, nangoja.

SUDI: Mpishi yule alikuwa mtu. Ramadhani ilitukuta Machi. Kufunga kwenye baridi ni rahisi zaidi, kiu huisikii. Lakini magharibi inaingia na wageni wanaanza kushuka kula. Alikuwa akiniwekea sahani kando, na tende zake amenunua mwenyewe bondeni. Hata kuniuliza hakuniuliza, aliona tu siku ya pili kwamba sigusi chakula.

FATMA: Ile mliyokuwa mkipika ya jibini ingekufungisha mwaka mzima.

SUDI: Raclette. Wanayeyusha jibini, wanaimwagia viazi. Tamu, sikatai. Lakini mwenye kuosha zile sahani ni mimi. Ikipoa inakuwa simenti ya Bamburi. Mikono yangu mpaka leo.

FATMA: Mkono wake anaulilia, lakini mchana alikuwa anateleza.

SUDI: Kazi ilikuwa imekatwa katikati. Asubuhi mpaka saa nane, kisha jioni kuanzia saa kumi na mbili. Lifti za kupanda mlima zinafungwa kama saa kumi na nusu. Basi hapo katikati una saa mbili za kujifunza kuanguka. Njia zao zina rangi: kijani ya wanaoanza, buluu, nyekundu, nyeusi. Mimi nimemaliza msimu kwenye kijani.

FATMA: Nimemwona kwa dirisha la chumba 214. Watoto wa chekechea wanapita wamejipanga, mume wangu amelala kifudifudi, skii moja imeshateremka peke yake.

SUDI: Kuna heshima ndani yake! Philip Boit wa Eldoret alikwenda Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, 1998, mbio za skii za kilomita 10, akafika wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja pale kwenye mstari akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Na Sabrina Simader, aliyetuwakilisha Olimpiki ya Korea 2018 kwenye kuteremka mlima, unajua amezaliwa wapi? Kilifi.

FATMA: Kalelewa Austria, lakini.

SUDI: Kazaliwa Kilifi! Nilikuwa nawaambia Wafaransa hivyo kila nikianguka.

FATMA: Na mimi wakati huo nimelala. Tuseme kweli, tuligombana kwa ajili hiyo. Jumamosi kule wageni wote wanatoka na wote wanaingia, siku moja. Nafanya vyumba 14, mgongo umekatika, wewe unaingia unanuka baridi, unacheka. Wiki nzima ya Februari hatukusemeshana ila "zima taa".

SUDI: Nilidhani umechoka tu.

FATMA: Nilichoka nawe.

SUDI: Haya. Tuseme pesa, watu wanangoja.

FATMA: Kima cha chini Ufaransa msimu ule kilikuwa euro 11.88 kwa saa kabla ya makato, zaidi ya shilingi 1,500. Msishangilie. Makato ya serikali yanachukua zaidi ya moja kwa tano, na chumba kile cha dabodeka tulikatwa pia. Lakini mimi kilichonikaa ni ile karatasi ya mshahara. Kila senti imeandikwa, imeenda wapi. Mwisho wa mkataba wakatulipa na siku za likizo ambazo hatukuzichukua, asilimia 10 juu ya tulichopata. Mimi nimefanya kazi hoteli za hapa misimu sita. Mwezi wa tano mvua za masika zinakuja, unaambiwa, "Fatma, tutakupigia." Hakuna karatasi.

SUDI: Na husubutu kuuliza.

FATMA: Nilikuwa sijui kama kuna cha kuuliza. Mtu wa msimu kule ni mtu wa msimu, na hapa ni mtu wa msimu. Vyoo ni vile vile.

SUDI: Msikilizaji mmoja ametuma sauti, anauliza: mtarudi? Kibali cha msimu kinaweza kudumu mpaka miaka 3, ila huruhusiwi kuzidisha miezi 6 kwa mwaka. Chetu bado kina misimu miwili. Na meneja ameshaandika, barua anataka ijibiwe kabla ya mwezi kwisha.

FATMA: Mimi nimemjibu.

SUDI: Umemjibu? Lini?

FATMA: Juzi. Nimemwambia tutakuja kwa sharti moja.

SUDI: Mshahara?

FATMA: Kitanda.