Utumbo wa Mtoto "Unang'aa" Kwenye Altrasaundi: Mazungumzo na Kina Mama wa Ujiji

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kina mama. Leo nasema jambo moja tu, lile linalowanyima wengine usingizi wakishatoka kupima: karatasi imeandikwa kwamba utumbo wa mtoto unang'aa.

Tuanze na kioo chenyewe. Mashine inatuma mawimbi ya sauti. Kinachoyarudisha kwa nguvu kinaonekana cheupe, maji yanaonekana meusi. Mfupa ni mweupe sana, na utumbo tunasema unang'aa pale tu weupe wake unapofikia ule wa mfupa. Mpimaji makini hupunguza nguvu ya picha taratibu huku akitazama mfupa wa nyonga ya mtoto, ulio jirani pale. Utumbo ukififia na mfupa ukabaki, hamna neno. Vikififia pamoja, au mfupa ukitangulia, ndipo anaandika. Mashine ikiachwa na nguvu iliyozidi, hata utumbo wa kawaida utaonekana mweupe. Hofu nyingine, niseme kweli, huanzia hapo.

Sababu si chakula. Mama mkwe aache kusingizia mawese na migebuka!

Mara nyingi hatuoni chanzo na mtoto huzaliwa mzima. Wengine walitokwa na damu wiki za nyuma, ikaingia kwenye maji ya uzazi, mtoto akaimeza, maana huko tumboni huyanywa maji hayo. Kwa hiyo ukiulizwa kama uliona damu usione haya, taja hata tone. Mara chache ni maambukizi, kama ya virusi vya sitomegalo, au tatizo la kromosomu, yaani vile vibeba urithi ndani ya mwili, kama lile la Down, au kondo la nyuma lisilomlisha mtoto ipasavyo.

Hili la kondo mimi nalipa uzito, kwa sababu tunaweza kulifuatilia: unapimwa tena miezi ya mwisho, tunaona kama mtoto amekua inavyotakiwa. Lakini amekua kutoka wapi, kama hukupima mwanzo? Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24, kwani baada ya hapo umri wa mimba unakuwa mgumu kukadiria.

Mkirudi, njooni na karatasi ya kwanza, hata kama imelowa mafuta. Haya, dada mwenye kitenge cha njano, uliza.