Vanishi Haifichi Kitu

Mhadhara kwa mafundi seremala vijana, Tabora

Mwangaluka. Kaeni, kaeni. Na nyie mliokalia magogo msiogope, huo ni mkurungu, hauwezi kuvunjika kwa uzito wenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumalizia fremu ya dirisha la mapambo. Ile isiyozuia upepo wala mwizi, inatundikwa tu ukutani sebuleni, mtu anaweka kioo cha kujitazama au picha za familia, nyumba ipate sura ya kwa bibi kijijini. Wenye fedha siku hizi wanataka nyumba zifanane na zile walizozikimbia baba zao. Mimi sina neno, mradi walipe.

Walioniita wameniandikia mambo manane ya kugusa. Nitagusa moja, labda na nusu. Aliyekuja na daftari aandike jina la vanishi nzuri, alifunike. Kazi ya kumalizia fremu inaharibika kabla kopo halijafunguliwa. Nimeshalisema hili mpaka mke wangu analisema usingizini.

Nilipoanza kujitegemea, nyumba moja ya wageni hapa mjini iliniagiza fremu sita za mninga. Ilikuwa Machi, mvua bado zinapiga. Muuzaji wa mbao akaniapia kuwa mzigo umekaa miezi sita. Hakusema uongo. Ulikaa miezi sita chini ya turubai, juu ya udongo, unakunywa maji. Nikapiga randa, nikaunga, nikapitisha msasa namba 80, ule wa punje kubwa, mara moja, nikapaka vanishi mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Zikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikalipwa, nikanunua baiskeli.

Julai nikaitwa. Kiangazi cha hapa mnakijua, kinapasua midomo ya watu, sembuse mbao. Maungio yalikuwa yameachana, unapitisha kadi ya simu katikati bila kulazimisha. Vanishi imekatika palepale kwenye maungio na kuanza kujibandua. Kwenye kona, gundi iliyofurika niliifuta kwa kidole badala ya kitambaa chenye maji, ikabaki madoa meupe. Mwenye nyumba hakunitukana. Alizima taa, akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa fremu, akasema, "Fundi, angalia mwenyewe." Nikaona mikwaruzo ya namba 80 imekatiza nyuzi za mbao kama kuku ameparura pale. Mchana haikuonekana hata mmoja. Vanishi ndiyo iliyoitoa hadharani, kwa sababu vanishi ni kama maji juu ya jiwe, kila kilichopo chini kinakolea.

Nilirudisha fedha. Baiskeli ikaenda.

Sasa najua mmoja wenu anasema moyoni, "Mzee, mteja anaitaka kesho." Ampe fundi mwingine! Au mwambie ukweli, kwamba kesho atapata fremu na Julai atapata nyufa. Mteja akielezwa anasubiri. Asiyesubiri ni yule ambaye hukumweleza.

Utajuaje mbao imekauka? Usiulize muuzaji. Wala usiigonge na kusikiliza kama mganga. Kata kipande cha shubiri moja kutoka katikati ya ubao, siyo ncha, ncha hukauka mapema na kukudanganya. Kipeleke dukani kwenye mizani ya sukari, andika uzito kwa penseli juu yake. Wiki ijayo pima tena. Wiki inayofuata tena. Uzito ukigoma kushuka, hapo mbao imeshapatana na hewa ya Tabora. Mbao zenyewe zipange kivulini, zimeinuliwa kutoka ardhini, na vijiti vyembamba kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Ncha zipake rangi yoyote iliyobaki, maji yasikimbilie huko na kuzipasua. Ule upande mweupe wa mninga ukate, bungua, wadudu watoboao mbao, wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda asali.

Haya, msasa. Wangapi mnajua kuwa msasa ni mti? Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na wazee walisugulia nayo mbao kabla karatasi hii haijafika. Mzee mwenye jani hakuwa na namba 80 wala 220. Alikuwa na subira tu, akafika pale ambapo sisi wenye namba zote hatufiki. Anza 80 kama randa imeacha alama, halafu 120, halafu 180, halafu 220. Usiruke. Ukiruka kutoka 80 kwenda 220, ile 220 inang'arisha mikwaruzo ya 80, haiiondoi. Na ufuate nyuzi za mbao, usizikate. Palipo bapa, zungushia msasa kwenye kipande cha mbao, vidole vitakuchimbia mashimo. Palipo na mkunjo na nakshi, chukua kandambili iliyochakaa, ikate ifuate umbo la mkunjo, funga msasa juu yake. Hakuna chombo cha dukani kinachoishinda.

Mtaniambia kuna mashine. Ipo, ninayo. Inamaliza sehemu bapa kwa dakika tano na inakula kona ya nakshi kwa sekunde tano. Na ziba pua. Vumbi la mninga linabana kifua. Mimi kikohozi changu hiki mnachokisikia sikukirithi.

Ukimaliza 220, futa fremu yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikikauka ipapase: imerudi kuwa na manyoya. Usishtuke, ni nyuzi zilizolala zimeamka. Pitisha 220 tena, kwa mkono mwepesi. Ukiacha hatua hii, mkono wa kwanza wa vanishi ndio utakaoziamsha, na hapo umeshachelewa. Halafu zima taa, tochi ubavuni. Yaleyale niliyofanyiwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mafuta na nta basi, haraka haraka. Kwa fremu ya ndani yenye sura ya kikale mimi sipaki vanishi kabisa. Tunaishi katika nchi ya nyuki, halafu tunanunua kopo lililosafirishwa! Nta sehemu moja, mafuta ya kitani sehemu tatu au nne, sufuria ndani ya sufuria ya maji, kamwe siyo juu ya moto wenyewe, nta inawaka. Paka kidogo, subiri, sugua kwa kitambaa kikavu. Kuna kijana aliniuliza kwa nini asitumie mawese, ni rahisi, yanashuka na treni kutoka Kigoma. Kwa sababu mawese hayakauki, mwanangu. Yatanata, yatakusanya vumbi, halafu yatanuka, na sebule ya mteja itakuwa jiko. Ukishapaka nta usibadili mawazo ukaweka vanishi juu yake, haishiki. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika pembeni yanapata joto yenyewe na kuwaka moto, na karakana yako yote ni mbao.

Fremu kuukuu zenye rangi za zamani, habari ya kutundika, bei, na milango ya nakshi kule tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale hapa jirani, hayo yote siku nyingine. Nilishawaonya.

Hii hapa fremu. Nusu moja nimeifanya sawasawa, nusu nyingine niliifanya jana kwa kulipua, makusudi kabisa. Izungusheni. Msiitazame, fumbeni macho, mpapase. Na nani ana tochi kwenye simu yake?