Kidonda cha Mdomoni Kisichouma

KASSIM: Dada Rehema, wewe mkunga. Mama ana mimba ya miezi mitano, katokwa na kidonda kwenye mdomo wa chini. Nyumbani wameshasema ni homa imemtokea mdomoni. Utamwambiaje?

REHEMA: Namuuliza kwanza, kinauma? Malengelenge ya homa yanachoma. Vidonda vya kawaida vya ulimi, ukinywa chai ya tangawizi unaruka. Cha kaswende, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, mara nyingi hakiumi. Huwa kimoja, cha duara, ukikigusa kigumu, na tezi za chini ya taya zimevimba.

KASSIM: Mdomoni kimefikaje?

REHEMA: Kaka, unataka niseme hewani! Ngono ya mdomo, au hata busu la mtu mwenye kidonda. Hutokea pale pale bakteria walipoingilia, kwa kawaida baada ya wiki 3 hivi.

KASSIM: Na wakipaka ile dawa ya zambarau, kinapona.

REHEMA: Kingepona hata wangepaka unga wa sembe! Hufunga chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Bakteria wamebaki kwenye damu, na kwa mjamzito wanavuka kondo la nyuma kumfuata mtoto. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akafia tumboni au akazaliwa anao.

KASSIM: Baadaye mdomo hauonyeshi kitu tena?

REHEMA: Unaonyesha, ila unadanganya. Mabaka ya kijivu yenye majimaji ndani ya mashavu na kwenye ulimi, pembe za mdomo zinapasuka. Watu hudhani fangasi, au upungufu wa damu, na kweli wajawazito hupata hayo. Mimi nikiyaona naomba viganja na nyayo. Nikikuta upele usiowasha, simwachi aondoke bila kipimo.

KASSIM: Na fizi kutoka damu?

REHEMA: Hizo ni homoni za mimba, na mswaki uliosahaulika. Usimfungulie mume kesi.

KASSIM: Basi mama ajikague kwenye kioo kila asubuhi.

REHEMA: Kioo hakipimi damu! Wengi hawana dalili hata moja. Hudhurio la kwanza la kliniki, tone la damu ya kidole, kipimo kimoja kinasoma VVU na kaswende, majibu ndani ya dakika 20. Ila kidonda kikiwa kibichi kipimo kinaweza kisikamate, kwa hiyo mwonyeshe nesi, usikifiche kwa mtandio. Dawa ni benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, sindano ya takoni. Maambukizi ya zamani yanataka tatu, moja kila wiki. Na ianze mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua.

KASSIM: Mume je?

REHEMA: Naye anachomwa, la sivyo atamwambukiza upya.

KASSIM: Akigoma kuja?

REHEMA: Tunampa mama kadi ya kumwita. Wengine huingia wamenuna, wakatoka wanachechemea.