Usiniulize bei, angalia mikono

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni, viti vipo. Leo ni sanamu za Buddha, zile za kung'aa, na kila nikiweka hii slaidi kuna mtu lazima aulize ni shilingi ngapi. Achaneni na bei kwanza. Maandiko ya zamani ya Wabuddha yanataja alama 32 za mtu mkuu na mojawapo ni ngozi yenye rangi ya dhahabu, kwa hiyo fundi akipaka dhahabu hapambi, anachora ngozi.

Na mara nyingi ndani ni shaba tu. Mafundi wa Kinewari kule Patan, Nepal, wanachanganya dhahabu na zebaki mpaka iwe kama uji mzito, wanapaka kwenye shaba iliyosafishwa, halafu moto, zebaki inapaa dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Wa Geita na Chunya naona mnacheka, mnaijua hii, ni kemia ile ile ya wachimbaji wetu na mvuke ni ule ule unaoharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo huo mng'ao kuna mtu ameulipia kwa afya yake.

Sasa mikono, maana hapo ndo stori ilipo. Huyu amekaa, mkono wa kulia umeshuka gotini, vidole vinagusa chini. Ni usiku ule wa kupata mwanga wake, chini ya mti kule Bodh Gaya, India, pepo mshawishi anayeitwa Mara kaja na jeshi lake kumwambia we nani mpaka ukae hapo, na yeye habishani, anagusa ardhi imtolee ushahidi. Basi! Ukiona kiganja kimeinuliwa kinakutazama, anakwambia usiogope. Viwili vimelala mapajani, anatafakari. Masikio marefu nayo msiyapite, alikuwa mtoto wa mfalme anavaa hereni nzito, akazivua siku anaondoka ikulu lakini ndewe zilishavutika, hazirudi.

Ila sasa njooni Myanmar, ndo panaponichanganyia somo langu. Mandalay kuna sanamu ya Buddha inayoitwa Mahamuni, wanaume wanabandika vipande vyembamba vya dhahabu mwilini mwake, miaka nenda rudi, mwili umekuwa vinundu vinundu, uso tu ndo uko wazi kwa sababu haubandikwi na kila alfajiri unaoshwa. Halafu Ziwa Inle, hekalu la Phaung Daw Oo, sanamu 5 ndogo zimebandikwa mpaka hakuna uso, hakuna sikio, hakuna mkono, ni madonge ya dhahabu, na watu wanazipigia magoti vile vile.

Mimi niliyewaambia someni mikono, hapo sina cha kusoma. Haya, maswali, na isiwe bei.